Hewa ya Pwani ya Barafu Iliyomwagwa London kwa Kudhaniwa Chupa Tupu

Wakuu, heshima kwenu. Nitakayoeleza nimeyashuhudia mwenyewe, na sitatia chumvi.

Kwanza, mhusika. Ni mkurugenzi wa sasa wa maabara niliyoitumikia hapa London hadi nilipostaafu. Yeye ndiye aliyeidhinisha chupa zetu za hewa zitupwe.

Mtauliza, chupa za hewa ndiyo nini?

Nilikuwa karani wa store, miaka ile Wahindi wa Afrika Mashariki walipokuwa wakiingia nchi hii kwa wingi. Mmoja wao, Jayantbhai wa Mombasa, aliajiriwa kuendesha mashine ya kupimia gesi. Mimi Mzanzibari. Tukapatana siku ile ile.

Meli zilituletea chupa za kioo kutoka pwani ya barafu, kusini kabisa mwa dunia. Aliyezijaza huko alisimama akiukabili upepo, akabana pumzi, ndipo akafungua koki ya chupa. Gesi zilizotafutwa, kama methane, ambayo hata tumbo la mtu huitoa, ni chembe tu hewani. Pumzi ya mtu ingeharibu kipimo.

Jayantbhai naye alibana pumzi kila alipopokea kreti.

"Pumua bwana, koki imefungwa!"

"Nyamaza, Sheikh. Jana umekula maharage. Ukisogea hapa, methane itapanda pwani nzima!"

Mkuu wetu Mwingereza alitoka ofisini kuuliza tunacheka nini. Nani angethubutu kumfasiria?

(Nikipita mtaa wa Edgware Road hapa London na kusikia watu wakitaniana hivyo, husimama kidogo.)

Katika kila shehena chupa moja haikufunguliwa. Iliwekwa akiba, ili mashine bora zikipatikana, hewa ya mwaka ule ipimwe upya. Hakuna awezaye kurudi kuichota.

Majuzi nilimfuata Jayantbhai kwake Stanmore, pembezoni mwa London. Anatembea kwa mkongojo, na alitamani kuiona akiba ile mara moja tena. Tukaenda maabara; chumba tulikikuta kimebaki rafu tupu.

"They were only empty bottles, sir," alisema mhudumu. "The director signed them off."

Jayantbhai akanigeukia. "Amesema empty? Tupu?"

Akaushika mkongojo wake, nikamrudisha Stanmore.

Lebo zilikuwepo; niliziandika kwa mkono wangu. Funzo langu: unapostaafu, mweleze anayekurithi kwa mdomo pia, mbele ya shahidi. Mliowahi kutumikia maabara, naomba michango yenu.

Nami namtaka mkurugenzi aeleze kwa maandishi: alimwuliza nani kabla ya kutia saini, na kwa nini lebo hazikusomwa. Maelezo hayo apelekewe Jayantbhai kwa jina lake, angali hai, na nakala nipewe mimi.