Jiwe Kubwa na Visu Viwili

Ukitaka kumjua fundi mizani, mwangalie akiwa mbele ya kitu kilichofungwa kwa skrubu. Hatulii. Redio ya jirani, feni ya shule, saa ya ukutani ya baba mkwe: vyote vimewahi kulala wazi juu ya meza yake, na baba mkwe mpaka leo anaulizia saa yake.

Riziki yake ilikuwa kurekebisha mizani za watu. Kwa zile ndogo za madukani alibeba mawe ya shaba mkobani. Kwa zile kubwa za magunia alikuwa na jiwe lisilohitaji kubebwa, nalo ni mwili wake. Alikuwa pande la mtu. Kila mwanzo wa mwezi alijipima kwenye mizani ya serikali, akaushika uzito wake kichwani, kisha mwezi mzima akawa anapanda mizani za watu kuona kama zinasema kweli. Wakamwita Jiwe Kubwa, na jina likamkaa.

Lakini jiwe hilo lilianza kumlemea mwenyewe. Ngazi chache tu, jasho. Magoti yalilalamika. Akilala alikoroma hadi vikombe vinatetemeka, halafu pumzi inakatika ghafla, kimya. Daktari wa upasuaji, mwanamama mwembamba asiyependa kuzunguka mbuyu, alimwambia mbele ya mkewe kwamba uzito usipopungua, moyo hautamsubiri. Akachukua karatasi, akachora tumbo.

"Njia ziko mbili," alisema. "Ya kwanza, tunafanya yote siku moja. Tunakata sehemu kubwa ya tumbo, halafu tunageuza njia ya utumbo ili mwili usifyonze chakula chote. Ukiamka, imekwisha. Ila utakaa sana kwenye nusu kaputi, na ini lako limenenepa, linatuziba. Njia ya pili, tunagawa. Kwanza tumbo peke yake. Unapungua, ini linasinyaa, moyo unapata nafuu. Baada ya mwaka au zaidi unarudi tumalizie. Wengine hata hawahitaji kurudi."

Fundi alikuwa ameinamia ile karatasi kama mtoto aliyeonyeshwa pipi.

"Mnashona kwa uzi gani?"

"Tunabana kwa vibanio vidogo vya chuma."

"Na hicho kipande mnachokata, kinakwenda wapi?"

"Maabara."

"Naweza kukiona?"

Mkewe alimfinya paja chini ya meza.

"Haya, daktari," akasema fundi, akijisugua. "Mimi nipige kisu kimoja tu, tumalizane. Najijua. Moyo wangu huu ni chuma."

"Uamuzi ni wako, lakini kwa uzito ulio nao, mimi naona bora tugawe. Kazungumzeni nyumbani. Na kuanzia leo chakula ni hiki nilichokupangia, ini lianze kupungua."

Mkewe alikuwa akitazama mlango.

Chakula chenyewe kilikuwa cha kuhuzunisha, ila fundi alikifuata, maana alitaka kuona kitamfanya nini. Kazi ikaendelea. Akaitwa kwenye mashine ya kusaga, akapanda mizani ya magunia kama kawaida, mshale ukasimama chini ya uzito wake. Akatikisa kichwa, akatoa bisibisi, akaikaza mizani hadi ikakubali. Akaondoka akipiga mluzi.

Siku chache baadaye mwenye mashine alimjia juu mlangoni.

"Jiwe Kubwa, umenifanya mwizi! Mwokaji mikate anayenunua unga kwangu kapima magunia yangu kwake, yote pungufu. Mizani yangu ilikuwa nzima kabla hujaigusa!"

Fundi alicheka kwanza. Alikwenda na mkoba wa mawe ya shaba, akayapanga juu ya mizani moja baada ya jingine, na kicheko kikamkauka. Mizani ilikuwa inadanganya, na aliyeifundisha uongo ni yeye. Alikuwa amepungua, mizani ikamwambia kweli, naye akaiadhibu. Akairudisha ilipokuwa, akamwomba radhi mwenye mashine, kisha akaenda kumwomba mwokaji.

"Kumbe jiwe linayeyuka!" mwenye mashine akamtania, hasira zimeisha.

Utani haukumwingia fundi. Njiani alijiuliza: kama uzito wangu wa kila siku sikuujua, huu moyo wa chuma niliupimia wapi? Na kuna nini kingine humu ndani ninachosema nakijua?

Alimkuta mkewe anapiga pasi.

"Mama watoto, mimi nikilala, wewe unafanya nini?"

"Swali gani hilo?"

"Nataka kujua."

Mkewe aligeuza shati upande wa pili. "Nakusikiliza. Ukikoroma, nasinzia kidogo. Ukinyamaza, nakuwekea mkono kifuani, nakusukuma mpaka uvute tena."

"Tangu lini?"

"Tangu kitinda mimba wetu aanze shule."

Kitinda mimba huyo sasa alikuwa na mtoto wake. Fundi aliketi. Aibu ilimshika, na uchungu. Alifungua saa za watu wote, na hakuwahi kuuliza kitandani kwake kuna nini.

"Kwa daktari hukusema kitu," alisema taratibu.

"Nilikuwa nataka hicho kisu kimoja. Naliogopa lile benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Mama nilimngojea pale, wakatoka kunipa pole."

"Basi tufanye mara moja, nisikukalishe tena na tena."

Mkewe akaisimamisha pasi. "Hapana. Nimelifikiria tangu siku ile. Nitakaa mara mbili, hata mara tatu, bora kila nikiinuka ninyanyuke na wewe. Sitaki kukaa mara moja nikarudi peke yangu."

Wakagawa. Kisu cha kwanza kilipita salama, na daktari, kwa kuchoshwa na maswali, alimwonyesha kile kipande.

Miezi ikapita, mikanda ikatobolewa matundu mapya. Asubuhi moja fundi aliamka na kusikia mkoromo mzito chumbani. Alishtuka, akajishika kifua, akidhani ni wake. Jua lilikuwa limeshapanda, na mkewe alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mikono yote miwili kifuani kwake mwenyewe, si kwa mumewe. Kumbe naye hukoroma. Miaka yote ile ya ndoa fundi hakuwahi kuusikia mkoromo huo. Alikaa kitandani bila kujitikisa, akamsikiliza.