Ng'ombe wa Bandani Aliyempenda Punda

Juzi nilipanda nyumbani nikakuta kaka yangu amebomoa banda la ng'ombe. Anataka kufuga kuku wa kisasa. Mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani, sakafu bado inanuka mkojo na migomba iliyooza, nami, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikajikuta nimesimama pale katikati naimba. Kaka akaniuliza ni wimbo gani. Nikamwambia ni wa kitoto tu, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kulia.

Wewe uliyekulia mlimani huhitaji kuelezwa, lakini wa kwingine atashangaa: ng'ombe wetu hawaendi malishoni. Wanazaliwa bandani, wanazeekea bandani, na chakula tunawapelekea sisi. Kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, ni migomba na kahawa tupu, hakuna pa kumwachia ng'ombe hata kidogo. Kwa hiyo kila asubuhi shangazi yangu, mdogo wake baba, aliamka kukatakata migomba kwa panga, na mara mbili kwa wiki alishuka tambarare. Aliondoka na mikungu ya ndizi akaiuze Chekereni, akarudi jioni na mzigo wa majani ya mpunga, mkubwa hata kichwa chake hukioni. Kazi yangu ilikuwa kushika mkia wakati anakamua.

Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa imeanguka, watu wanang'oa mibuni waliyoachiwa na babu zao, lakini madukani vitu vimejaa baada ya uhaba wa muda mrefu, na mitumba imemwagwa sokoni. Shangazi alijinunulia gauni la njano la mitumba. Kisha akaanza kuoga kwa sabuni ya kunukia kabla ya kwenda kutafuta majani. Bibi aliliona hilo kabla yetu sote, akauliza tangu lini ng'ombe wanajali harufu ya mtu anayewaletea chakula.

Ndipo wimbo ukaja. Aliutunga mwenyewe, beti mbili, akaniimbia bandani huku maziwa yanachuruzika kwenye ndoo kwa mpigo uleule:

Ng'ombe wa bandani kampenda punda,
punda wa mpunga, mgongo kidonda.
Kamwambia, Mume wangu, panda huku panda,
punda kajibu, Mama, mlima umenishinda.

Punda kaja kuposa, pumba kashikilia,
beberu mwenye ndevu mlangoni kamzuia:
Huna pembe, huna kwenu, nini unajivunia?
Punda kasema, Nina sauti, subirini nitalia.

Hapo shangazi alilia kama punda, kwa sauti ya chini, nami nikacheka hadi nikauachia mkia na ukamchapa usoni. Aliniambia huu ni wimbo wa bandani. Nilikuwa na miaka tisa. Kwa kuwa ulianza na ng'ombe wa bandani, nilidhani ananitajia jina la wimbo.

Sikujua kwamba punda alikuwapo kweli, na mwenye punda pia. Alikuwa kijana wa Chekereni aliyekodi majaruba ya mpunga na kusomba magunia ya watu kwa mkokoteni. Wazazi wake walitoka mkoa mwingine wakaja kukata miwa, wakazikwa hukuhuku. Alikwisha kupanda kwetu mara moja kujitambulisha, na babu akamkatia kauli getini: hana kihamba, hana kwao, na binti yetu haendi kuolewa na mtu wa kukodi ardhi.

Bibi hakukubali yaishie hapo. Alikwenda mpakani akakata isale, lile jani refu la kijani tulilozungushia kihamba, akalifunga fundo na kumpelekea babu kwa mikono miwili. Kwetu ukiletewa isale huulizi tena. Umeombwa, unasamehe, hata kama mwenzako alikuchomea nyumba. Babu alilipokea. Akakaa nalo siku mbili, kisha akatangaza kwamba kijana aje Jumapili inayofuata ile ya Komunyo yangu ya kwanza, atamsikiliza. Shangazi alipeleka habari Chekereni siku hiyohiyo, akarudi bila majani.

Siku ya Komunyo nyumba ilijaa. Kulikuwa na mtori, nyama ya kuchoma, ndizi za kila aina, na wazee wa ukoo kwenye mabenchi wakipokezana mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kata. Nilikuwa na gauni jeupe na soksi zenye maua, na kila aliyepita alinishika shavu. Katekista akaomba mkomunika awaimbie wageni kidogo. Walitarajia wimbo wa Bikira Maria. Mimi niliujua wimbo mzuri kuliko huo.

Ubeti wa kwanza uliwamaliza. Mzee mmoja alijimwagia mbege suruali nzima, na kichwa changu kikavimba, nikapandisha sauti. Nilipofika kwa beberu mwenye ndevu kicheko kilianza kukatika upande mmoja wa uwanja, kisha mwingine. Katika wazee wote waliokaa pale mwenye ndevu alikuwa babu peke yake, na maneno ya beberu yalikuwa yake, yaleyale ya getini. Nililia kama punda nikiwa peke yangu. Kuna mtu alicheka kwa pua.

Babu aliinuka, akaingia ndani, akatoka na lile isale, limekwisha kunyauka, akaliweka mapajani mwa bibi mbele ya watu wote.

"Hili sikulipokea," akasema. "Nilikuwa nimelishika tu."

Sijawahi kuona isale likirudishwa, kabla ya siku ile wala baada yake. Shangazi alikuwa anapakua mtori. Aliendelea kupakua, bakuli baada ya bakuli, mpaka sufuria likaisha.

Kesho yake bandani nilimwambia kwamba alisema ni wimbo wa bandani. Alikata kipande kimoja zaidi cha mgomba kabla ya kunijibu.

"Ndiyo, mama. Kosa ni langu. Ningekwambia usiutoe nje."

Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Hakuimba tena.

Jumapili ile ya miadi babu alimtuma shangazi kwa ndugu zetu Njoro tangu alfajiri. Saa nne hivi kijana akatokea getini, shati jeupe limepigwa pasi, begani gunia la mchele, kwa sababu hakuna aliyempelekea habari. Babu aliniita akaniambia la kusema, akaniambia pia kwamba asisikie nimelirudia kwa mtu yeyote. Nilikwenda nikasimama mbele ya yule mtu.

"Shikamoo. Shangazi amesema hakutaki, usije tena."

Aliitikia marahaba. Akaniuliza kama ni yeye mwenyewe kasema. Nikasema ndiyo. Akalipandisha gunia begani akashuka nalo.

Shangazi hakuruhusiwa tena kushuka tambarare, tukawa tunanunua majani kwa watu wa pikapu. Hakuolewa. Alimuuguza babu miaka sita, akamlisha kwa kijiko, akamnyoa zile ndevu. Siku moja, nimeshakuwa msichana wa sekondari, tulikuwa tunamenya ndizi akaniambia bila kuinua macho kwamba yule mtu hata kuja kuuliza hakuja. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Mwanzoni nilimwogopa babu, na babu alipofariki niliona aibu, na aibu ikikaa sana ndani ya mtu inakuwa kama kiungo chake. Mwaka jana tulimzika shangazi chini ya migomba, sijamwambia.

Ndiyo maana nilipotoka kwenye lile banda lililobomolewa sikurudi mjini moja kwa moja. Nilishuka Chekereni nikauliza. Nilimkuta kando ya mfereji na jembe, mvi kichwa kizima, amefiwa na mke, watoto wametawanyika. Nilijitambulisha, nikampa habari ya msiba, nikamwambia kuna wimbo alitungiwa zamani. Hakuwahi kuusikia. Nikamwimbia pale kwenye tope, beti zote mbili, na mlio wa punda nikautoa.

"Mimi ndiye punda?" akauliza.

Nikamwambia ndiye yeye. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta, akafuta macho kwa kiganja, akawa hafuti kicheko tena. Ndipo nikamweleza nani alinituma getini, na kwamba shangazi hakusema neno lile hata siku moja. Nilimwomba msamaha, akasema nilikuwa mtoto.

"Na yeye alijua kwamba nilikuja?"

Banda halipo, mibuni haipo, babu na bibi hawapo, na sauti iliyoutunga wimbo ule haipo. Kilichobaki duniani kutokana na mambo yale yote kilikuwa mzee mmoja aliyekaa kwenye tuta ananiangalia mdomo.

"Alijua," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, akainuka, akaenda kufungulia maji. Huo ni uongo wa pili niliomwambia mtu yule, na safari hii hakuna aliyenituma.