Siku za Baba Ukutani

Nilikuwa nachambua mchele barazani pikipiki iliposimama. Mtu aliyeshuka alivua kofia, akauliza kama hapa ndipo kwa Mwalimu Fadhul. Nikasema ndipo, lakini Baba yuko Ajia kusoma hitma.

"Najua, dada. Mimi mtu ya Ajia. Alfajiri alisujudu, hakuinuka tena. Pikapu iko nyuma, inaleta yeye. Nyinyi chimba kaburi."

Nikasema Innalillahi, nikaendelea kuchambua mchele mpaka Nasuru, mdogo wangu, akaja kuniondolea ungo mapajani.

Kalenda ilikuwa juu ya kichwa changu. Tuliporudi kutoka Sudan, tulikokimbilia wakati wa vita, Baba aliipigilia msumari pale nje, na kila mwaka akaweka mpya. Kwenye visanduku aliandika kwa penseli: ndoa Lurujo, maulidi, hitma Ajia. Shughuli za nyumbani kwetu aliziandika humo humo. Kabla ya vita alikuwa karani wa jeshi, na jeshini zamu hubandikwa ukutani. Hakuna anayegongewa mlango. "Siku iko hapo," alikuwa akisema. "Mwenye nafasi atakuja. Asiye na nafasi sijamtia aibu ya kukataa."

Watu wa mji wetu, Koboko, walizoea. Dada mkubwa wa Baba, shangazi yetu aitwaye Afisa, anayekaa Onduparaka, hakuzoea. Kwetu mkubwa hualikwa kwa mdomo: mtu anatumwa, anakaa, anakunywa chai, ndipo anataja siku. Nikaha yangu iliandikwa ukutani tu, na Shangazi hajui kusoma. Alizisikia habari sokoni.

"Mimi askari yake?" alisema. "Mimi nasimama kwa ukuta natafuta zamu?"

Hakuja. Tangu hapo hakukanyaga kwetu, na Baba hakutuma mtu.

Sasa nilitaka Shangazi auone uso wa ndugu yake kabla haujafunikwa. Sikuweza kufikiri jambo lingine.

"Andika ukutani," Nasuru alisema. "Baba angefanya hivyo."

"Akisikia sokoni tena hatakuja."

Nikamwita jirani yetu Sule, mwenye pikipiki. "Nenda Onduparaka. Kaa chini, kunywa chai yake, ndipo useme."

"Chai kwa habari ya msiba, Fatumah?"

"Kunywa."

Alipoondoka niliandika mazishi kwenye kisanduku cha siku ile. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Pikapu ilifika baada ya adhuhuri. Nyuma, chini kando ya jeneza, alikaa Shangazi, uso mwekundu kwa vumbi.

"Sule amekupata?" nikauliza.

"Sule nani?"

"Basi nani amekuita?"

"Kwenu nani anaitwa?" Alinishika bega, akashuka. "Kila wiki nauliza madereva ya Koboko, kwa ukuta ya Fadhul iko nini. Wanasomea mimi. Juzi walisema Ajia. Ajia iko karibu, jana usiku nikaenda, nikakaa nyuma na wamama. Nilitaka sikia sauti yake."

"Alikuona?"

"Tulipomaliza kula alipita. Akasema, 'Dada, umesoma.' Nikasema, 'Nimesomewa.' Akacheka. Basi."

Sule aliporudi, jasho linamtoka, wanaume walikuwa ndani wakimkafini Baba. "Nyumba iko na kufuli! Na chai sikunywa!"

"Kaa," Shangazi alimwambia. "Mimi nitakupa."

Wanaume wakatuita tumuage Baba. Uso ulikuwa bado wazi. Shangazi aliingia kwanza, akasoma Fatiha polepole, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa Baba. Nami nikaweka changu. Lilikuwa baridi na lilinukia kafuri. Nikamwombea Mwenyezi Mungu amsamehe na kumpanulia kaburi. Nasuru akavuta sanda, akaifunga. Wanaume wakainua jeneza, wakapita nalo barazani wakisema kalima. Sisi wanawake tulisimama mlangoni hadi walipokata kona ya msikiti. Kisha tukarudi ndani.