Pikapu Isiyojua Kona

Juma lililopita simu ilinikuta kwenye benchi la gereji, nikisubiri fundi anieleze kwa nini gari langu, ambalo muuzaji aliniapia kwamba linavuta kwa magurudumu yote manne, lilishindwa na tope la njia ya kwenda kwangu. Aliyepiga ni binti wa yule mama niliyepanga chumba uani kwake Kanamkemer, Lodwar, nilipokuwa mwalimu kijana katika miaka ya tisini. "Mwalimu, mama ametuacha," alisema. "Tunampeleka nyumbani kwa kina baba, ng'ambo ya Lopur." Nilimpa pole, nikakata simu, nikalia pale pale bila kujificha. Fundi akadhani nalilia gia boksi, akaanza kunifariji kwamba itapatikana. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba aliyekufa ndiye dereva hodari kuliko wote niliowahi kupanda nao, na kwamba gari lake halikuwa na lolote la kujivunia mbele ya hayo aliyozoea kuyatengeneza.

Wasomaji wa safu hii mnajua nisivyopenda kusifu watu. Marehemu angenicheka akiniona namsifu, maana yeye mwenyewe alijisifu vya kutosha wala hakuhitaji msaada. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, mcheshi, mkali kwa wapangaji na mwepesi wa kusahau alichomkasirikia mtu asubuhi. Mumewe, mfanyabiashara mdogo wa ngozi, aliuawa na malaria akiwa bado na nguvu zake. Alimwachia watoto, nyumba ile ya Kanamkemer na pikapu moja kuukuu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Mume ndiye aliyemfundisha kuendesha, kwa kelele nyingi, kwenye uwanja wa mpira.

Msiba haujapoa, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akaja kutoka malishoni. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu nasahihisha madaftari, nikasikia kila neno. "Shemeji, hii gari haina miguu ya mbele," alisema, akiizunguka pikapu kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. "Inasukuma na nyuma tu. Kwetu ni mchanga, itakwama kila siku. Tuuze, tununue mbuzi, wewe na watoto murudi nyumbani." Aliongea kwa upole, na kwa mila yao alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini sote uani tulielewa maana yake. Kurudi nyumbani ni kwa watoto kuacha shule na mama kuacha biashara aliyokuwa ameanza kuionja, ya kupeleka unga, sukari na tumbaku kwenye maboma ya wafugaji na kurudi na ngozi. Bila ile pikapu hakuwa na kazi. Mama akasema: "Nikifikisha hii gari kwa mama mkwe na magunia ya unga juu, inabaki yangu. Ikikwama, chukueni." Shemeji akacheka, akakubali, na mimi nikageuzwa shahidi bila kuulizwa.

Basi mama akaipeleka pikapu Kakuma, kwa fundi mmoja Msomali aliyefika na wakimbizi kambi ikiwa bado changa. Fundi huyo aliendesha malori kwenye michanga ya kwao kabla ya vita, na sasa alikuwa na mtambo wa kuchomelea vyuma chini ya turubai. Shule zilikuwa zimefungwa, nikaandamana na mama kwa udadisi. Nakiri sijawahi kuona kazi iliyoniacha mdomo wazi namna ile, kwa sababu karibu kila alichofanya kilikuwa kinyume cha nilichotarajia. Wenzake walitafuta matairi mapya. Yeye alizunguka akiulizia matairi mapana yaliyokwisha, yenye kipara kabisa. "Abaayo, tairi mpya ina meno," alimweleza mama, akimwita dada kwa lugha yake. "Meno inachimba. Kwa mchanga wewe hutaki kuchimba, unataka kupita juu." Halafu akayapunguza upepo mpaka yakalala chini kama mtu aliyeshiba.

Mbele aling'oa bampa la chuma na kila kilichokuwa kizito bila sababu, ili pua ya gari isizame. Nyuma aliongeza mabamba ya springi, gari likanyanyuka kiuno. Alipasua pipa la mafuta, akalinyoosha kwa nyundo, akalifunga chini ya injini ili tumbo la gari likigusa mchanga liteleze badala ya kukwama. Kisha akafanya jambo lililowafanya mafundi wa jirani waje kusimama na kushika viuno. Alifungua lile bonge lililo katikati ya ekseli ya nyuma, difu, akazichomelea gia za ndani zikawa kitu kimoja. Kwa kawaida gurudumu moja likianza kuteleza, hilo ndilo huzunguka bure na mwenzake hukaa tu akitazama. Sasa yote mawili yangezunguka pamoja, yapende yasipende. "Wallahi, nimewafunga ndoa," alisema fundi, akifuta jasho. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Badala ya mbao za kukwamulia fundi alichukua ngozi kavu za ng'ombe, zile za kulalia, akazikunja nyuma, penye mizigo.

Siku ya safari ilibidi tuondoke alfajiri, mchanga ukiwa bado umeshikana kwa baridi, lakini chai ilichelewa, na mama hakuwa mtu wa kusafiri bila chai. Jua lilikuwa limeshapanda tulipofika kwenye laga, mto usio na maji, mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Mimi na fundi tulikaa juu ya magunia, nyuma kabisa. Nilidhani nimepewa lifti. Fundi akanieleza kwa adabu kwamba gari linalosukumwa na nyuma linahitaji uzito nyuma, na kwamba alifurahi sana aliponiona nilivyo. Mama aliingia lagani bila kupunguza mwendo, usukani ukimchezea mikononi, mchanga ukiruka pande zote mbili, na lile pipa likikwaruza chini yetu. Katikati ya kupanda ukingo wa pili injini ilianza kuzidiwa. "Rukeni!" alipiga kelele dirishani. "Mwalimu, ruka!" Tukaruka juu ya magunia, chini juu, chini juu, na kila tuliposhuka magurudumu yaliuma mchanga na gari likasogea. Kisha fundi akashuka na zile ngozi, akazitupa chini ya matairi, akaziokota nyuma yetu akikimbia, akazitupa tena. Tulipotokea juu nilipiga vigelegele, mimi mwanamume mzima, mwalimu.

Sasa nije kwenye kosa, maana lilikuwepo, na lilikuwa la sote. Wakati wote wa kuitengeneza ile pikapu hakuna aliyewaza habari ya kona. Mbele tulikuwa tumepafanya pepesi, nyuma magurudumu yalikuwa yamefungwa ndoa. Ukikata usukani, magurudumu ya mbele yaligeuka vizuri kabisa, lakini gari liliendelea moja kwa moja na safari yake, na likikubali kupinda, lilipinda polepole kwa duara kubwa. Kwenye njia ya kwenda Lopur hatukuligundua, kwa kuwa nchi ni pana na hakuna wa kukudai ukate kona. Tuliligundua mbele ya boma la mama mkwe. Njia ya kuingilia ilipinda ghafla kando ya mahali pa wanaume pa kulia nyama, na siku hiyo walikuwepo, wamechinja, wamekaa kwenye nusu duara yao na majani yametandazwa katikati. Shemeji alikuwa kati yao. Mwanamke hakanyagi pale, seuze kupitisha gari.

Mama alikata usukani wote. Pikapu ikaenda moja kwa moja kwenye nyama. Nilimwona fundi akifumba macho. Kusimama kulikuwa rahisi, angeweka tu mguu kwenye breki, lakini pale mchanga ulikuwa laini kama unga, na gari lililosimama kwenye mchanga kama ule haliondoki tena bila kuchimbuliwa. Kusimama ni kukwama, na kukwama ni kupoteza gari, machoni pa shemeji mwenyewe. Basi akauzungusha usukani upande wa pili, kulikokuwa wazi, akapitia pembeni mwa wazee kwa heshima ya mbali, na kuanza kulizunguka boma zima kwa duara kubwa, nyuma ya vibanda, nyuma ya zizi la ngamia, mpaka tukatokeza tena tulikotoka. Wazee wakamtazama akipita. Akaanza kuzunguka tena.

"Mwalimu! Shusha unga!" alinipigia kelele. "Mimi siwezi simama!" Tukaanza kusukuma magunia. Wanawake wa boma walielewa kabla ya wanaume. Walitoka wakikimbia sambamba nasi, shanga zikiwaruka shingoni, wakipokea gunia kwa mikono minne, wakilishusha, wakitungoja tuzunguke tena. Mbuzi walitawanyika. Mama mkwe alisimama na fimbo yake, akicheka bila sauti. Gunia la mwisho nilishuka nalo, si kwa hiari yangu, nikabaki chini nimepakwa unga mwili mzima. Mama alipita mara ya mwisho, akatoa mkono dirishani, akawaamkia wazee, "Ejok!", kisha akatimua vumbi kurudi Lopur, fundi akiwa peke yake nyuma ameshikilia ubao kwa mikono miwili.

Ndiyo maana nilikuwepo kuisikia hukumu. "Haijafika," alisema shemeji, na kwa kweli alikuwa na hoja. "Gari ikifika inasimama. Hii imepita tu." Wazee walijadili wakitafuna, wengine walisema imefika, wengine wakauliza ni nani aliyemwona akishuka. Mama mkwe alikuwa akiyapitia magunia akiyapigapiga kwa kiganja, moja baada ya jingine. Alipomaliza alichagua moja, akalikalia, akasema kwa Kiturkana, nami natafsiri kadiri ya uwezo wangu: "Mnasema hakufika. Basi mimi nimekalia nini?" Shemeji aliitazama ile alama ya matairi iliyolizunguka boma lao lote, kisha akaomba kisu akaendelea na nyama. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akitaja habari ya kuuza.

Difu ile haikufunguliwa tena kamwe. Mama alizipanga safari zake zote kwa duara, akijua mapema wapi atageukia, na wanawake wa Sudan Kusini waliokuwa wakiuza karanga kambini walijifunza kupanda na kushuka gari likiendelea kusogea. Kwenye kipande cha lami cha Lodwar matairi yalilia kila alipopinda, kiasi kwamba watoto wake walijua mama yao amerudi kabla hajafika Kanamkemer, wakabandika maji ya chai. Watoto hao walisoma. Huyu aliyenipigia simu ni muuguzi.

Nimeyafikiria mengi tangu siku ile ya gereji. Tunaishi wakati wa lami na magari makubwa, na sina ugomvi nayo, mimi mwenyewe nimo ndani. Lakini naona tumekuwa watu wa kungoja kifaa kilichokamilika ndipo tuanze safari, na wepesi wa kumtazama mwenye kifaa pungufu tukahesabu miguu asiyokuwa nayo. Mama yule alichukua gari lenye kasoro, akalitibu, tiba ikaleta kasoro nyingine, naye akaishi nayo hiyo nyingine miaka yote bila kulalamika. Bado nashangaa. Nimekutana na wakubwa wengi katika kazi hii ya kalamu, na hakuna aliyenishangaza zaidi yake.

Nilikwenda kumzika. Msafara ulikuwa wa magari mazuri, yote yakivuta kwa magurudumu manne, tukavuka laga kana kwamba ni uwanja wa saruji. Mimi nilikaa katika gari lililobeba jeneza, nyuma kabisa, mahali pangu pa zamani. Mbele, kando ya dereva, alikaa shemeji, mzee sasa, mikono juu ya fimbo. Tulipofika penye ile kona ya boma, dereva alipunguza mwendo atafute pa kuegesha. "Usisimame," mzee alimwambia. "Zunguka kwanza." Dereva akageuka kunitazama, nikamwashiria atii. Tukazunguka nyuma ya vibanda, nyuma ya zizi, msafara wote ukitufuata, na wanawake wakatoka tena kukimbia kando yetu wakilia. Tulipotokeza tulikotoka, mzee aligonga dashibodi kwa fimbo yake. "Sasa simama," alisema. "Amefika."

Ndugu wasomaji, hili ndilo nililorudi nalo kutoka ng'ambo ya Lopur: kabla hatujasema juu ya mtu yeyote kwamba hakufika, kwanza tutazame tumekalia nini.