Nyuzi Tatu za Yanjmaa

Yanjmaa hajawahi kumpa mtu nambari ambayo hakuiona kwa macho yake. Kwa miaka thelathini na moja, saa mbili asubuhi, amefungua kisanduku cheupe kilichosimama kwa miguu minne nyuma ya nyumba yake, akasoma kipimajoto, akaandika. Siku aliyomzika mumewe alisoma. Machozi yaliganda kopeni, akayafikicha, akasoma tena ili awe na hakika.

Sisi wafugaji wa nyika ya theluji tunahesabu majira ya baridi kwa tisa: siku tisa, mara tisa, kila tisa na ishara yake. Katika tisa ya kwanza pombe ya maziwa huganda. Katika ya tatu huganda pembe za fahali wa miaka mitatu. Mwaka ule mzee Sambuu, jirani yake, aliweka bakuli la pombe nje, likakataa kuganda. Akaamini amekosea siku ya kuanza, akaanza kuhesabu upya. Likakataa tena. Akaanza tena.

"Baba Sambuu, leo tisa ya ngapi?" Yanjmaa akamuuliza.

"Ya kwanza."

"Juzi ulisema ya pili!"

"Nilikosea, binti yangu."

"Hukukosea. Leo ni ya tatu. Hesabu yako nzima, ila baridi ndiyo imelewa. Au ni wewe unayelionja hilo bakuli?"

Siku hiyohiyo mvua ikanyesha. Mvua, katika tisa ya tatu! Yanjmaa alisoma nyuzi tatu juu ya sifuri, akaituma mkoani. Haikupita saa, Jambal wa ofisi ya hali ya hewa ya mkoa akapiga simu.

"Mama, mashine inaikataa nambari yako. Andika ishirini chini ya sifuri, ndiyo wastani."

"Wastani haukuninyeshea. Mvua ndiyo iliyoninyeshea."

"Ukikaidi nakuja kesho na barua ya kukustaafisha."

"Njoo. Vaa viatu vizuri."

Hakuwa akitania. Theluji yetu ni unga mkavu, kondoo huifukua kwa kwato wakapata nyasi. Jioni ile mvua iliganda juu yake ikawa kioo, na asubuhi kondoo walisimama wakitazama nyasi wasizoweza kuzifikia. Kama daftari lingesema hapakunyesha, nani mkoani angeamini kwamba tunahitaji majani makavu?

Jambal alifika adhuhuri. Alishuka garini, akapiga hatua mbili, miguu ikamtoroka, akaanguka chali.

"Karibu, bwana mdogo!" Sambuu akapaza sauti. "Wastani umekuangusha?"

Ndani, Yanjmaa alimpa chai ya maziwa yenye chumvi, kisha akamwekea madaftari yote thelathini na moja mezani. Katika yale ya zamani, nambari za tisa ya tatu zilifuatana kama ngamia wa msafara, mmoja nyuma ya mwenzake. Katika ya karibuni zilirukaruka kama farasi aliyekata hatamu: leo bonde, kesho kilele.

"Kila mwaka mnanipigia simu nizirudishe kundini," alisema. "Ningewasikiliza, hili lingekuwa daftari la ndoto zenu. Barua yako nina hamu nayo, nitaisoma. Lakini nambari hii siifuti."

"Mama, ni nambari moja tu."

"Basi ifute wewe." Akamsogezea kalamu. "Futa, uandike ishirini, na pembeni utie jina lako."

Jambal aliishika kalamu. Barafu ya mgongoni ilikuwa ikiyeyuka, maji yakidondoka sakafuni, tone baada ya tone. Aliyatazama yale maji. Kisha akairudisha kalamu.

"Na barua?" Yanjmaa akauliza.

Akapapasa mfuko wa koti. "Imelowa."

"Imeloweshwa na nini?"

Alimaliza chai yake.

Asubuhi iliyofuata Yanjmaa alisoma arobaini na moja chini ya sifuri, akaiandika mistari miwili chini ya zile nyuzi tatu, kwa wino uleule. Sambuu akaja anateleza na bakuli mkononi, pombe imekuwa jiwe.

"Binti! Imeganda! Tisa ya kwanza!"

"Ya tatu, baba," Yanjmaa akasema, akifunga kisanduku. "Hesabu mbele. Usirudi tena nyuma."