Kopo la Mama Lenye Picha ya Jani

Kopo lilikuwa la plastiki nyeupe, lenye picha ya jani la kijani ubavuni. Mdogo wangu alilipeleka Handeni mwenyewe. Alishuka kwenye basi amelikumbatia, akampa mama kabla hata hajakaribishwa kiti. Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi ya udongo, vinanuka majani makavu. Mama alivinusa, akapiga chafya, akasema harufu hiyo anaijua.

Mdogo wangu anauza virutubisho Korogwe, karibu na stendi. Alikwenda semina Tanga, akarudi na maneno mapya mdomoni. La kwanza lilikuwa antioksidanti. Mama akamuuliza huyo ni mdudu gani. Akamweleza kwamba chuma kikikaa nje kinashika kutu, na mwili wa binadamu nao una kutu yake ya ndani, inaletwa na moshi, mafuta, mawazo na umri. Kwenye mimea, akasema, kwenye mlonge, choya, majani ya chai na mbegu za zabibu, mna kitu kinachozuia kutu hiyo.

"Jembe linalolimiwa halishiki kutu," mama akamjibu. "Na mimi bado nalima."

"Lakini una presha, mama."

Presha alikuwa nayo, tena ya miaka, na ndiyo iliyotukosesha raha sisi watoto wake wawili. Baba aliondoka nayo. Alitoka asubuhi kwenda shambani, akarudishwa kwenye baiskeli. Tangu hapo simu ya Handeni ikiingia saa isiyo yake niliipokea nimeshika ukuta. Nilitaka jambo moja tu duniani, mama asije akaondoka kama baba.

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Nashona nguo sokoni Korogwe, na cherehani imenifundisha kwamba kitambaa kinachosifiwa sana dukani ndicho kinachochuja kwanza. Nikaenda kumuuliza daktari wa kliniki ya mama. Hakucheka. Alisema mboga za majani na matunda zina hayo hayo, na mama anayekula mchunga na mlonge karibu kila siku hajapungukiwa sana. Akitaka kumeza vidonge hivyo ameze, lakini visichukue nafasi ya dawa ya presha hata siku moja. Kopo lenyewe liliandikwa hivyo, kwa herufi ndogo za kutafuta. Mdogo wangu alimsomea mama kwa sauti, na mama akaitikia, "Nimesikia, mwanangu."

Siwezi kulinyima kopo haki yake. Mama alipendeza. Alisema usingizi umekuwa mtamu na magoti hayamsumbui akiinama kufagia. Kama ni vidonge au ni furaha ya kukumbukwa na mwanawe, sijui. Mdogo wangu akawa anatembea kifua mbele, na kwa kweli hakuacha kopo liishe. Likifika nusu tu, jingine lilishuka na basi pamoja na sukari na sabuni. Mama naye alikwenda kliniki kila tarehe yake ilipofika, akarudi na pakiti za dawa kwenye mkoba wake wa ukili, sote tukiona. Lakini presha kila ikipimwa iko juu. Wakambadilishia dawa, ikabaki juu. Mama aliwaambia manesi ana mawazo, nasi tukabaki kuulizana mawazo gani.

Alianguka akichambua mchunga. Nilipofika alikuwa ameshafunikwa, na mchunga bado uko kwenye ungo.

Kuanzia hapo nilikufa ganzi, na sina neno jingine la kuelezea. Watu walinikumbatia nikawa naiona mikono yao kana kwamba iko mgongoni kwa mtu mwingine, si kwangu. Shangazi alitazama macho yangu makavu akaninong'oneza, "Lia mwanangu, watu wanaona." Nilimwambia sawa, shangazi. Kilichokuwa kichwani mwangu ni kwamba mtungi wa maji uko wazi na hakuna anayeufunika. Mdogo wangu alilia hadi sauti ikakauka. Alikuwa anarudia neno moja, kwamba alimtunza, alimtunza, mbona alimtunza.

Sisi Wazigua tuna watani wetu, Wanyamwezi. Jirani na kwa mama yupo bibi mmoja wa Kinyamwezi ambaye babu yake alikuja kukata mkonge na hakurudi kwao tena. Ndiye aliyekuwa mwandani wa mama. Kwenye msiba wetu watani ndio wanaoshika mwiko wa ugali, na ndio wenye ruhusa ya kutuchekesha. Huvaa nguo za marehemu, wakamwigiza alivyotembea, alivyonuna, alivyokuwa mchoyo wa chumvi. Mtani hakasirikiwi. Ukinuna, watu watakushangaa wewe.

Siku ya kuondoa matanga bibi yule aliingia ukumbini amejifunga khanga ya mama, kichwa kakilaza upande kama mama alivyokilaza. Wanawake wakaanza kucheka kabla hajasema kitu. Akaketi mkekani, akaweka kopo kulia na mkoba wa ukili kushoto. Akauinamia mkoba, akausema kama anayeamua watu wanaogombana.

"Nyie wa hospitali, tulieni humo humo. Mwenzenu wa miti kashaingia, na mnamjua, ana wivu kama mke mkubwa. Nikiwatoa mtapigana tumboni mwangu, na tumbo ninalo moja. Ngojeni amalize zamu yake!"

Akajifanya anameza kidonge cha kopo, akainuka, akatembea kwa madaha mpaka mlangoni, akadondoka. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Shangazi alijifuta machozi kwa kucheka. Nikacheka nami, meno tu, huku nikisikia masikio yanavuma.

Dawa ya miti haichanganywi na nyingine. Huo ni mwiko tuliofunzwa na bibi zetu. Ukipewa mizizi uchemshe, za hospitali unaziweka kando mpaka mizizi iishe, la sivyo umeidharau na itakukomoa. Mimi naujua mwiko huo tangu mdogo. Haikunijia akilini kwamba kitu cha kiwandani, chenye kizibo cha kuzungusha, kingepewa heshima ile ile. Lakini kopo lilikuwa na jani. Tena lilinuka majani, na mama alisema siku ile ile ya kwanza kwamba harufu anaijua.

Nilimfuata bibi uani, akisugua sufuria kwa majivu. Nilimwamkia upya, "Shikamoo bibi," kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

"Marahaba. Najua umekuja kuuliza nini." Alinisogezea mkoba kwa kiwiko. Ulikuwa umejaa pakiti mpaka juu, nyingi hazijaguswa. "Hakutupa hata moja. Alikuwa anasema, mtani, kopo hili likiisha narudi kwenye za hospitali."

"Halikuisha," nikasema.

"Lingeishaje? Mwanawe ni mtoto mwema."

"Si angemwambia asilete, bibi?"

Aliacha kusugua. "Mwanao anakuletea uzima kwa mikono miwili, wewe umwambie asilete?"

"Na wewe? Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia yeye, kila siku. Nilimwambia utakufa na jani lako mdomoni, Mzigua we. Akacheka." Akamwaga maji meusi kwenye migomba. "Ndiyo shida ya utani, mjukuu wangu. Hata ukisema kweli watu wanakuchekea."

Nilikuwa na hasira, nisidanganye, ila haikuwa na mahali pa kwenda. Nilimkasirikia bibi, nikamkasirikia mama, nikayakasirikia yale maandishi madogo kwenye kopo. Halafu hasira yenyewe ikapoa nikabaki vile vile. Nikautia mkoba ndani ya khanga, nikazunguka nyumba.

Mdogo wangu alikuwa ananingoja kwenye kona, peke yake. Upande wa wanaume walisikia kila kitu. Midomo ilikuwa imemkauka, na mkononi alishika kopo jipya, lile alilokuja nalo bila kujua anakuja msibani.

"Dada," akasema, "yule bibi... alikuwa anatania tu, siyo?"

Nilimtazama. Nilimwona alivyokuwa mtoto, akimkimbilia mama na embe alilookota, hajalionja kwanza. Kifua kikaniuma. Maumivu hayo yalikuwa kitu cha kwanza kunifikia tangu nilipoukuta ule ungo, na yalikuwa ni huruma juu yake. Pakiti zilinichoma ubavuni kila nilipovuta pumzi.

"Watani ndivyo walivyo," nikasema. "Yule bibi hana adabu hata kidogo."

Akashusha pumzi ndefu. Akacheka kidogo, akalia tena, akafuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akanyoosha lile kopo.

"Basi chukua wewe, dada. Lisipotee bure. Na wewe presha inakunyemelea."

Nikalipokea kwa mikono miwili.

Sasa liko Korogwe, juu ya kabati, nyuma ya mkasi na mabaki ya vitambaa. Mkoba niliufukia mwenyewe nyuma ya nyumba ya mama. Kliniki wameshaniandikia vidonge vya presha, navimeza kila siku baada ya kula, na mchunga napika nikiupata. Bado sijalia. Nashona, nafunga kibanda, narudi nyumbani.

Mdogo wangu hupiga simu mara kwa mara. Jana aliuliza kopo limefika wapi, maana mzigo mpya umeingia na yuko tayari kuniletea jingine. Nikamwambia asilete. Akauliza kwa nini, dada. Nikamwambia la kwanza bado halijaisha.