Kofia ya Herufi U

Prokop Vondra aliandika kinyumenyume maisha yake yote, na kwa kazi hiyo alilipwa vizuri. Ukitaka jina likae kwenye kioo cha mlango bila mvua kulilamba, huna budi kuliandika kwa upande wa ndani, ukianzia mwisho kuja mwanzo, ili mpita njia aliye nje alisome kama watu wengine wasomavyo. Herufi zenyewe ni za karatasi ya dhahabu, nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya umepoteza mshahara. Haishikiki kwa vidole. Unainyanyua kwa burashi pana ya manyoya ya kindi, ambayo kwanza unaipitisha shavuni ipate mafuta kidogo ya ngozi. Ndiyo maana shavu la kulia la Prokop lilimetameta miaka nenda miaka rudi, na mkewe Otilie akawa anasema ameolewa na mfalme, ila upande mmoja tu.

Mlango wake wa kwanza kuuandika peke yake ulikuwa wa Mzinga.

Mzinga ulikuwa benki, ingawa mwanzoni haukuthubutu kujiita hivyo. Wacheki wa Mtaa wa Kumi na Nane, huko Chicago, wachinjaji, mafundi cherehani na wapakizi wa kiwanda cha bia, walikuwa wakikutana kila Jumatatu katika chumba cha nyuma cha baa. Kila mtu alitumbukiza alichonacho, na mwenye zamu ya shida akakopeshwa ajenge nyumba. Haba na haba, siku moja kibaba kikapata chumba chenye mlango wa kioo. Wakataka jina. Kwa kuwa hajazaliwa Mcheki asiyejiona nyuki, wakachagua ÚL, yaani mzinga. Herufi mbili tu. Prokop alikuwa kijana wa masharubu ya kulazimisha, na alipewa kazi ile kwa sababu herufi mbili hata mwanagenzi hawezi kuziharibu.

Aliziharibu.

Bosi wake, Mwairishi, alimchorea kielelezo kwenye karatasi na kukigeuza barabara. Lakini Mwairishi atajuaje kwamba U ya Kicheki ikivutwa huvaa kimkwaju kichwani, yaani kistari cha mshazari, na kimkwaju hicho hulalia kulia? Prokop alikumbuka mwishoni kabisa, kielelezo kimeshatupwa. Akakiongeza kwa mkono, kama mwalimu alivyomfundisha, na kikakaa vizuri sana kwa mtu aliye ndani. Kwa aliye nje kililalia kushoto.

Wa kwanza kuliona kosa alikuwa msichana wa duka la mikate la ng'ambo ya barabara. Alifungua mlango, unga hadi kwenye viwiko.

"We kaka, hiyo U yako imelewa?"

"Imelewa vipi?"

"Kofia imeinama upande. Kama ya baba yangu Jumamosi. Hebu toka nje uione."

Prokop akatoka, akaona. Akasimama pale kwenye baridi, hasogei, mpaka msichana akaingiwa na huruma, akavuka barabara na kurudi na andazi la moto lenye mbegu za popi. Prokop akalila bila kuliangalia, huku dhahabu ipo shavuni na machozi yapo njiani.

"Usilie bwana," alisema Otilie. "Ni U tu. Haijafa mtu."

Kaka yake Otilie, mchinjaji aitwaye Alois, ndiye aliyekuwa mweka hazina wa Mzinga. Alikuja, akautazama mlango kwa nje, akautazama kwa ndani, akamwuliza Prokop, "Dhahabu nyingine ipo?"

"Haipo."

"Basi yamekwisha. Kwa aliye ndani, kofia imekaa sawa. Walio nje, shauri yao."

Maneno hayo yakawa ya mtaa mzima. Mtu akitaka kujiunga na Mzinga aliambiwa, "Ingia ndani uione kofia." Akitaka kukopa, Alois alimpokea kwa swali lilelile, mama hajambo, naye kutokana na jibu, na hasa namna lilivyojibiwa, akajua kama fedha zitarudi. Utaratibu huo haukuandikwa popote. Wakopaji walilipa, kwa sababu asiyelipa angekutana na Alois dukani, naye Alois ameshika shoka.

Prokop akamwoa Otilie. Mungu hakuwapa watoto. Aliwapa duka la mikate, alilowaachia mzee wa kofia ya Jumamosi, na kila jioni Otilie alichovya kitambaa kwenye mafuta ya kupikia, akamkalisha mumewe karibu na taa na kumfuta shavu. Hawakuwa na mazungumzo makubwa wakati huo. Yeye alifuta, mwenzake alifumba macho.

Huko katikati ya mji, Mtaa wa LaSalle, mambo yalikuwa yakikua. Benki ya Muungano wa Ziwa haikuwa na haraka wala hasira. Iliimeza benki ya Wajerumani kwa chakula cha mchana, ya Waswidi kwa barua ya heshima, na ya Wapolandi mara baada ya misa. Hakuna aliyepigwa hata kofi. Na kila papa alipomeza dagaa, Prokop alipata kazi ya kukwangua jina la dagaa na kuandika la papa. Alilipwa kwa herufi, na papa alikuwa na jina refu. Kwa miaka kadhaa alikula vizuri kutokana na mazishi hayo, bila kujiuliza itakuwaje siku dagaa watakapokwisha.

Kazi yake ilipendwa, akapandishwa ghorofa ya kumi na nne kuandika majina ya wakurugenzi kwenye milango ya ofisi zao. Akaandika Whitcombe. Mwezi uliofuata kampuni ya gesi ikamwita, akaandika Whitcombe. Kampuni ya tramu: Whitcombe, na mlango wa pili Penhallow. Reli: Penhallow, kisha Whitcombe. Kiwanda kikubwa cha nyama, kile ambacho bei zake zilimnyima Alois usingizi: wote wawili, pamoja na mpwa.

"Jamani," aliwaambia wenzake baa, "sisi tunadhani mji huu una makampuni chungu nzima yanayogombana. Mimi nimeandika milango. Ni wazee wachache wenye milango mingi."

"Na wakigombana wenyewe?" aliuliza Hynek, fundi cherehani.

"Watagombana vipi? Whitcombe wa gesi akimdai Whitcombe wa tramu, Whitcombe wa benki anawasuluhisha."

Wakacheka sana, wakaagiza bia nyingine, ya kiwanda ambacho Prokop alikuwa ameandika mlango wake wiki hiyohiyo. Hawakumwuliza ameandika nini.

Habari za Mzinga zililetwa na Alois Jumapili moja, kabla bata hajakatwa. Wakati huo alikuwa mwenyekiti, mwenye mnyororo wa saa tumboni na ugonjwa wa jongo mguuni.

"Shemeji, tumeuza," alisema. "Muungano wa Ziwa wametoa mara mbili ya thamani ya hisa. Mara mbili! Kura imepita, mikono yote juu."

"Na wako?"

"Mimi ni mwenyekiti. Niliinua wa kwanza, ili wenzangu wasione haya."

Otilie aliweka kisu mezani. "Na mtu akitaka kukopa atengeneze jiko lake, atamwona nani?"

"Atajaza fomu. Fomu inapelekwa mjini."

"Hiyo fomu itamwuliza mama hajambo?"

"Dada, usiniharibie bata." Alois akaisogeza sahani yake. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo zaidi. "Walinikalisha mezani nao, Otilie. Vitambaa vyeupe. Whitcombe mwenyewe akaniinamia, akaniuliza habari za mguu wangu. Mtu mkubwa kama yule! Alijuaje kwamba nina mguu?"

"Kila mtu ana mguu, shemeji," alisema Prokop.

Bata akaliwa. Otilie alimwekea kaka yake paja, kama kawaida, na akamwongezea kabichi, kwa sababu hata mjinga wako ni wako.

Jumanne, Prokop akaitwa na Bwana Pruitt, msimamizi wa majengo ya Muungano wa Ziwa.

"Bwana Vondra, nina kazi kwenye mtaa wenu. Herufi mbili za kufuta, mstari mmoja wa kuandika. Ijumaa iwe tayari."

"Na nikisema hapana?"

Pruitt alimtazama bila ubaya wowote. Alikuwa mtu mwema, mwenye mafua. "Ukisema hapana kwetu, utakwenda kumwandikia nani?"

Hakikuwa kitisho. Lilikuwa swali, na Prokop alilibeba ndani ya tramu akilitafutia jibu. Akapita mlango mmoja mmoja kichwani: gesi, reli, nyama, bia, na tramu hiyohiyo iliyombeba. Alipofika nyumbani alikuwa hajaona mlango hata mmoja usio wao, isipokuwa wa duka la mikate, ambao ulikuwa wa mbao.

Otilie alikuwa anakanda unga.

"Nimemwambia nitafikiri," alisema Prokop.

"Ufikiri nini?"

"Ile kofia, Otilie. Ndiyo iliyokuvusha barabara. Ningeiandika sawasawa siku ile, ningekuwa kapera mpaka leo, najifuta shavu mwenyewe." Akakaa juu ya gunia. "Na sasa niende nikaikwangue kwa mkono huuhuu? Nitasema naumwa. Wamtume mwingine."

Otilie aliendelea kukanda, akaupindua unga, akaupiga.

"Yaani aje mtoto wa watu, na wembe wake, aikwangue kofia yangu huku anapiga mluzi?"

"Sasa unataka nini?"

"Maiti huoshwa na wa kwao, mzee. Utakwenda wewe."

"Sitaweza."

"Utaweza herufi. Ukifika kwenye kofia, nigongee kioo."

Ijumaa ilikuwa ya baridi kali ya Januari. Ndani ya Mzinga hamkuwa na mtu, na jiko la makaa lilikuwa limezimwa, kwa kuwa ruhusa ya makaa nayo sasa ilitolewa mjini na ilikuwa bado njiani. Prokop alikwangua L, kisha U. Dhahabu ya miaka ile yote ilianguka sakafuni kama pumba. Kikabaki kimkwaju peke yake katikati ya kioo, kimelalia upande, hakina cha kuvalisha. Akagonga.

Otilie alivuka barabara akiwa amefunga mkate wa moto kwa kitambaa, akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Akakitazama.

"Kumbe kidogo hivi," alisema. "Siku zote nilidhani kikubwa."

Prokop akamnyooshea wembe. Otilie akakataa kwa kichwa. Badala yake aliushika mkono wa mumewe juu kidogo ya kifundo, kama mtu anayemvusha mtoto barabara, na mkono ule ukaenda. Kilitoka mara moja. Vitu vya namna hiyo havina ukaidi.

Wakasimama. Otilie akafungua mkate, kwa kuwa mkate angalau una la kufanya. Alipoumega mvuke ukapanda, ukakigusa kioo kilichoganda kwa baridi, na kioo kikafunga ukungu. Ndani ya ukungu ule herufi zikajitokeza, kubwa, safi, na ukingo wake kamili.

Mafundi wa vioo wanalijua jambo hili, ila Prokop hakulifikiria siku hiyo. Wanawake wa usafi walikuwa wameosha kioo kile kwa magadi kila wiki miaka yote, isipokuwa pale palipofunikwa na dhahabu. Pale kioo kilibaki kama kilivyozaliwa, na ukungu hauwezi kukaa sawa juu ya ngozi mbili.

Zilikuwa zimegeuka, L mbele na U nyuma, kwani wao walikuwa ndani. Lakini kimkwaju kilisimama kimelalia kulia, barabara kabisa, kama mwalimu alivyotaka.

"Prokop," alisema Otilie polepole. "Imekaa sawa."

"Tuko ndani," alisema Prokop, na alitafuna mkate muda mrefu.

Mchana huo aliandika Muungano wa Ziwa juu ya kioo kilekile, na watu wanasema jina hilo halijawahi kuandikwa vizuri vile mahali pengine. Hakukosea hata nukta. Halikuwa jina lenye alama ya kukosea.

Baada ya wiki mbili Bwana Pruitt alikuja mwenyewe, na mafua yake. Kila asubuhi ya baridi, kabla chumba hakijapata joto, jina jingine lilikuwa likitokea nyuma ya jina la benki. Wazee wa mtaa walisimama nje wakilionyeshana. Dawa yake ni nini?

"Kubadili kioo," alisema Prokop.

Pruitt akaandika ombi la kioo. Ila kwa utaratibu mpya, mlango wa tawi haubadilishwi bila sahihi ya ghorofa ya kumi na nne, na ghorofa ya kumi na nne ilikuwa na mambo ya reli. Ombi likapanda, halikushuka.

Hivyo kila asubuhi ya baridi, Otilie akiisha kutoa mikate ya kwanza, alivuka barabara na kuingia benki. Hakuweka fedha wala kutoa. Alisimama upande wa ndani wa mlango, akapumulia kioo, akatazama kidogo, akaondoka. Karani mgeni aliyeletwa kutoka mjini, baada ya kumwona hivyo mara nyingi, akamwuliza kwa adabu, "Mama, nikusaidie nini?"

"Hakuna, mwanangu," alisema Otilie. "Napita tu kumwangalia mume wangu, enzi zake za kukosea." Kisha, kwa kuwa kijana alionekana amekonda, na kwa kuwa hajawahi kuulizwa na mtu yeyote katika jengo lile, akaongeza, "Mama hajambo?"